Majina ya Anayeugua na Anayeuguza: Historia ya Istilahi za Dimensia

Watafsiri wanaotayarisha hojaji za utafiti wa afya kwa Kiswahili hukwama mahali pawili. Hukwama kwanza kwenye jina la maradhi yanayomwondolea mtu mzima, aghalabu mzee, kumbukumbu yake, kisha maneno yake, na hatimaye uwezo wa kula na kuvaa bila msaada. Hukwama tena kwenye jina la jamaa anayekaa na mgonjwa huyo usiku na mchana. Maradhi yenyewe yana majina mengi mno, na mengine ni matusi. Jamaa huyo hana hata jina moja lililokubaliwa na wote. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lugha nyingine zilivyoyatafuta majina hayo mawili, na yaliyowapata watu pale yalipokosekana au yalipokuwa mabaya, kisha tuyarudie maneno yetu wenyewe. Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Neno likishaingia katika fomu ya serikali au katika hojaji ya watafiti hukaa humo miaka mingi, na watu huhesabiwa au huachwa nje ya hesabu kwa ajili yake.

Jina la maradhi

Neno dimensia asili yake ni Kilatini, ambamo lilijengwa kwa kiambishi chenye maana ya kuondoka na neno lenye maana ya akili. Kwa muda mrefu lilitumiwa ovyo, kwa namna nyingi za wazimu. Miongoni mwa waliolipa mipaka ni daktari Mfaransa Jean-Étienne Esquirol, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1838 juu ya maradhi ya akili alimtenga mtu aliyezaliwa na upungufu wa akili na mtu aliyekuwa na akili zake zikamtoka. Huyu wa pili alimfananisha na tajiri aliyefilisika, na yule wa kwanza na maskini wa tangu kuzaliwa.

Yafaa tusimame kidogo hapa, kwa kuwa tofauti hiyo ambayo Esquirol aliitafutia mfano, Kiswahili kinayo katika sarufi yake. Neno punguani linahusiana na kupungua, nalo humtaja mtu kwa sifa, kana kwamba ndivyo alivyo. Lakini tukisema kwamba mtu amepungukiwa au amepotewa, tumetumia kauli ile ile inayotupa kufiwa na kuibiwa: tunamtaja mtu aliyekuwa na kitu, na kitu hicho kikamwondokea bila yeye kutaka. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika kwamba mgonjwa "amepoteza kumbukumbu" amemfanya mgonjwa kuwa mtenda, kama mtu aliyepoteza funguo zake kwa uzembe. Anayeandika "amepotewa na kumbukumbu" amesema kweli zaidi, wala hakuhitaji kukopa neno popote. Sisi tunaona ajabu kwamba namna ya kwanza ndiyo inayopendwa na waandishi wa vipeperushi.

Hatua iliyofuata ilitokea Ujerumani. Tarehe 25 Novemba 1901 mwanamke mwenye umri wa miaka 51 alilazwa katika hospitali ya maradhi ya akili ya mji wa Frankfurt. Mumewe, aliyekuwa karani wa reli, alikuwa hawezi tena kukaa naye nyumbani. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuyaandika majibu yake, na mgonjwa alipofariki mwezi wa Aprili 1906 aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, mjini Tübingen, aliwaeleza madaktari wenzake juu ya mabaka na nyuzi zilizosokotana alizoziona humo. Mwaka 1910 Emil Kraepelin, aliyekuwa mkuu wake wa kazi, aliyaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer katika toleo jipya la kitabu chake kikubwa. Jalada la mgonjwa huyo lilipotea kwa miongo mingi, likaonekana tena Frankfurt mwaka 1995. Limehifadhi mengi juu yake, hata mwandiko wa mkono wake. Juu ya mume, aliyeishi na maradhi hayo kabla daktari yeyote hajayaona, limehifadhi machache tu. Uwiano huo ndio utakaoonekana katika fani hii kwa muda wa miaka 50 na zaidi baada yake.

Jina la Kraepelin lilikuwa na kasoro moja kubwa. Lilitengwa kwa ajili ya watu walioshikwa na maradhi kabla ya uzee. Mtu wa miaka 55 alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mtu wa miaka 75 mwenye dalili zile zile alikuwa na dimensia ya uzee, na kwa kuwa uzee ni njia ya wote, hapakuwa na la kutafuta. Majina mawili yaliugawa ugonjwa mmoja, na sehemu iliyo kubwa zaidi ikaachwa bila watafiti. Huko Newcastle, Uingereza, Blessed, Tomlinson na Roth walionyesha mwaka 1968 kwamba bongo za wazee waliougua zilikuwa na mabaka yale yale, na kwamba kadiri yalivyozidi ndivyo hali ya mzee ilivyokuwa mbaya. Mwaka 1976 daktari Mmarekani Robert Katzman aliandika tahariri fupi akidai kwamba mpaka wa umri ufutwe. Ukifutwa, alisema, basi ugonjwa huu huenda ukawa wa nne au wa tano miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo nchini Marekani. Hakuna chembe mpya iliyokuwa imegunduliwa siku hiyo. Kilichobadilika ni mpaka wa neno.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi ya mabaraza ya lugha unatoka Japani. Hadi mwanzo wa karne hii Wajapani waliyaita maradhi haya chihō, neno linaloandikwa kwa alama mbili za Kichina, moja ikiwa na maana ya upumbavu na nyingine ya kuduwaa. Mitaani walisema boke, ambalo ni neno la dharau zaidi. Mwaka 1972 mwandishi Sawako Ariyoshi alitoa riwaya juu ya mkamwana mmoja wa Tokyo anayemuuguza baba mkwe wake, na kitabu hicho kiliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1980 jamaa wa wagonjwa waliunda chama chao mjini Kyoto, na kwa kukosa neno jingine walilazimika kulitia neno boke katika jina la chama chenyewe. Msomaji atafakari maana yake: watu waliokusanyika ili kuwatetea wazazi wao hawakuweza kujitaja bila kuwatukana wazazi hao.

Mwaka 2004 wizara ya afya ya nchi hiyo iliunda jopo la kulitafuta jina jipya. Jopo lilitangaza majina kadhaa na kuwaomba wananchi watoe maoni yao. Jina lililopata kura nyingi zaidi lilikuwa na maana ya "kasoro ya utambuzi", lakini jopo liliona kwamba madaktari wa akili walikuwa tayari wakilitumia kwa maradhi mengine. Likachaguliwa la pili, ninchishō, yaani maradhi ya utambuzi. Uamuzi ulitolewa mwezi wa Desemba 2004. Mwaka uliofuata neno hilo likaingia katika sheria ya bima ya matunzo ya wazee, na mwaka 2006 chama cha Kyoto kikabadili jina lake. Wajuzi wa lugha hawakuacha kunung'unika kwamba neno lenyewe halikukamilika, kwa kuwa linataja utambuzi tu bila kusema umepatwa na nini. Hoja yao ni ya kweli. Hata hivyo neno limeshika, nasi tunaona kwamba lilishika kwa sababu tatu: lilitangazwa na chombo kimoja chenye mamlaka, lilitumiwa na ofisi zote kwa pamoja, na jamaa wa wagonjwa walikuwa wakilingoja kwa hamu. Linganisha na Marekani, ambako chama cha madaktari wa akili kiliweka mwaka 2013 jina refu lenye maneno matatu mahali pa dimensia. Madaktari wengi wenyewe wameendelea na lile la zamani.

Jina la anayeuguza

Uingereza, katika miaka ya 1950, maelfu ya wanawake wasioolewa waliacha kazi zao ili kukaa na wazazi waliozeeka. Hawakuwa na jina. Sheria iliwajua kama mabinti, ofisi ya kodi iliwajua kama watu wasio na mapato, na mzazi alipofariki wengi walijikuta wakiwa na miaka 50 au 60, hawana akiba wala malipo ya uzeeni. Mmoja wao alikuwa mchungaji wa kanisa, Mary Webster, aliyeacha kazi mwaka 1954 ili kuwatunza wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua katika magazeti akiieleza hali hiyo, na barua zilizomjia kutoka kwa wanawake wa namna yake zilikuwa nyingi hata mwaka 1965 likaundwa baraza la kuwatetea. Jina la baraza hilo liliwataja kama wanawake wasioolewa na wategemezi wao. Neno moja la kumtaja mtu yeyote anayeuguza jamaa yake, awe mwanamume au mwanamke, aliyeoa au asiyeoa, lilikuja kuenea baadaye, na mwaka 1981 kikaundwa chama kilicholichukua neno hilo kuwa jina lake.

Kukosekana kwa neno hilo kulikuwa na gharama inayoweza kuhesabiwa kwa fedha. Mwaka 1976 serikali ya Uingereza ilianza kutoa posho kwa mtu aliyeacha kazi ili amuuguze jamaa mwenye ulemavu mkubwa. Wanawake walioolewa hawakupewa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mke, kwa vyovyote vile, huenda angekuwa nyumbani tu. Yaani kazi aliyoifanya mke haikuwa na jina lake yenyewe. Ilimezwa ndani ya neno mke. Mwaka 1984 Bibi Jacqueline Drake, mke wa mtu, aliacha kazi ili amuuguze mama yake, akadai posho, akanyimwa. Shauri lake lilifika katika Mahakama ya Ulaya, ambayo iliamua tarehe 24 Juni 1986 kwamba kumnyima ni kubagua wanawake. Sheria ikabadilishwa. Mwanamke huyo aliyekuwa akifanya kazi ile ile jana yake, leo alikuwa mtu anayestahili posho.

Watafiti nao walichelewa. Mwaka 1963 Grad na Sainsbury, waliofanya kazi yao katika eneo la Chichester, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuliza jambo lililo rahisi: mgonjwa wa akili akitibiwa nyumbani badala ya hospitalini, familia yake hupatwa na nini? Ndipo neno mzigo lilipoanza kuingia katika lugha ya taaluma hii. Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake wawili wa Kalifonia waliwahoji jamaa 29 waliokuwa wakiwauguza wazee wenye dimensia, wakatunga maswali 29 ya kuupima mzigo huo. Baadaye maswali hayo yalipunguzwa yakawa 22, na kipimo hicho kimetafsiriwa katika lugha nyingi za dunia.

Matokeo ya Zarit yanastahili kujulikana na kila mwalimu wa wauguzi. Ilidhaniwa kwamba kadiri mgonjwa anavyozidi kusahau, kutangatanga na kufanya fujo, ndivyo anayemuuguza atakavyozidi kuelemewa. Haikuonekana hivyo. Jambo moja tu lilihusiana na mzigo: ni mara ngapi ndugu wengine walikuja kumtembelea mgonjwa. Walipokuja mara nyingi, aliyeuguza hakuelemewa sana. Waliponyamaza huko waliko, alielemewa. Hesabu ya watu 29 ni ndogo, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba tabia za mgonjwa nazo zina uzito wake. Lakini swali la nani anayebisha hodi halikutoka tena katika utafiti. Mwaka uliofuata, 1981, Nancy Mace na Peter Rabins wa Baltimore walitoa kitabu cha mashauri kwa familia ambacho jina lake lasema kwamba siku ya anayeuguza ina saa 36. Kingali kinachapishwa.

Tafiti za baadaye ziligusa mwili wenyewe. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio waliwachukua wanawake 13 waliowauguza jamaa wenye dimensia na wengine 13 wa umri wao wasiouguza mtu, wakawatia kila mmoja jeraha dogo la ukubwa ule ule mkononi. Kwa wale waliouguza, jeraha lilichelewa kupona kwa siku 9 zaidi. Mwaka 1999 Schulz na Beach walitangaza kwamba wazee waliowauguza wenzi wao wa ndoa huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 katika muda wa miaka 4, wakilinganishwa na wasiouguza. Lakini wale waliouguza bila ya kuelemewa hawakuonyesha hatari hiyo. Tunaomba mtafsiri aishike tofauti hii, kwa sababu ndiyo roho ya suala letu: kuuguza ni jambo moja, kuelemewa ni jingine, na neno moja halitoshi kwa yote mawili. Tena kuelemewa kunaweza kupunguzwa. Mjini New York, Mary Mittelman na wenzake waliwapa wenzi wa wagonjwa mashauri wao na ndugu zao pamoja, kisha wakawaacha wapige simu wakati wowote walipohitaji. Katika matokeo ya mwaka 1996, wagonjwa wao walikaa nyumbani karibu mwaka mmoja zaidi kabla ya kupelekwa katika nyumba za wazee.

Mzigo katika Kiswahili

Tafiti tulizozitaja zimefanyika katika nchi zenye utajiri. Mwaka 1998 watafiti wa nchi mbalimbali walianzisha kundi walilolipa jina la tarakimu, 10/66, kwa maana kwamba asilimia 66 ya wenye dimensia walikuwa katika nchi zinazoendelea ilhali chini ya asilimia 10 ya utafiti ndio uliofanyika huko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, na kwamba jamaa na marafiki huwahudumia kwa wastani wa saa 5 kila siku, saa nyingi zikiwa za wanawake.

Nchini Tanzania utafiti mkubwa umefanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipimwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, wazee 6.4 katika kila 100 walikuwa na dimensia. Kiwango hicho kinakaribiana na cha nchi za Ulaya. Watafiti wa Hai walilazimika kutunga vipimo vyao, kwa kuwa vile vya kigeni humtaka mzee achore na kuandika, na wazee wengi hawakupata shule. Katika kipimo kimojawapo mzee hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano. Hili ni jambo jema sana, nasi tungependa kuona watafsiri wakifanya kwa maneno kama wenzao walivyofanya kwa vijiti.

Uchunguzi mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2014, uliwauliza wagonjwa, jamaa zao na waganga jinsi wanavyoielewa hali hii. Wengi waliiona kuwa ni uzee tu. Hatuna haki ya kuwacheka. Hayo ndiyo waliyoyasema madaktari wa Ulaya kuanzia Kraepelin hadi Katzman. Wala wazo la kwamba akili yaweza kumtoka mtu kwa kuishi mno si geni kwa wasomaji wetu wa pwani, maana Kurani, katika Sura ya An-Nahl, inawataja wanaorudishwa katika umri ulio dhaifu hata wasijue kitu baada ya kujua.

Basi tuseme nini kwa Kiswahili? Kuhusu maradhi, tunayakataa majina mawili bila kusita. "Kichaa cha uzee" ni chihō cha kwetu. "Shida ya akili" hutaja maradhi yote ya akili kwa pamoja, na mtafsiri anayelitumia atawaingiza humo watu wasiohusika. "Ugonjwa wa kusahau" ni la upole, na twalipenda kwa mazungumzo ya nyumbani, ila si kila dimensia huanza kwa kusahau. Nyingine huanza kwa kubadilika tabia au kukosa maneno. "Ugonjwa wa Alzheimer" ni aina moja tu, ingawa ndiyo iliyo kubwa. Linabaki dimensia, nalo lina bahati moja ambayo Wajapani hawakuwa nayo. Wao waliyaona matusi kwa macho kila walipoliandika neno. Sisi hatukisikii Kilatini kilichomo ndani ya dimensia, kwa hiyo tusi limebaki ng'ambo. Kwa upande mwingine neno lisilosema kitu halimfundishi mtu kitu, na afisa wa kijiji atalazimika kulieleza kila mara. Tunapendekeza lielezwe kwa kauli tuliyoitaja hapo mwanzo: maradhi ambayo mtu hupotewa na kumbukumbu na akili zake.

Kuhusu anayeuguza, maneno yaliyomo katika matumizi ni mlezi, mtunzaji, mhudumu, na ndugu wa mgonjwa. Mlezi ndilo linaloonekana sana katika vitabu vilivyotafsiriwa, na kwa maoni yetu ndilo baya kuliko yote. Kulea ni kumkuza mtoto. Ukimwita binti mlezi wa mama yake umekwisha kumfanya mama kuwa mtoto, na ndilo jambo ambalo Tom Kitwood wa Bradford alilipinga katika kitabu chake cha mwaka 1997, akidai kwamba mgonjwa atazamwe kwanza kama mtu. Neno alilolitafuta yeye kwa sura nzima, sisi tunalo kwa herufi tatu: utu. Mtunzaji ni wa bustani, wa ghala na wa nyaraka. Mhudumu yuko hotelini na ofisini. "Ndugu wa mgonjwa" ni maneno ya hospitalini, na kila aliyewahi kulaza mtu anayajua, kwani ndivyo anavyoitwa anayetakiwa alete uji, dawa na shuka. Lakini yule aliyekuja kusalimu kwa dakika tano naye ni ndugu wa mgonjwa. Neno hilo halitenganishi.

Lugha inalo tendo lenyewe: kuuguza. Limetokana na kuugua kama kupunguza kulivyotokana na kupungua, ila maana yake si kumsababishia mtu ugonjwa. Ni kuwa naye katika ugonjwa wake. Ni ile kauli ya kutendesha yenye maana ya kusaidia, kama ilivyo katika kumzalisha mwanamke, maana mkunga anayezalisha hakusababisha mimba. Kwa asili yake muuguzi ni mtu yeyote anayeuguza, awe mama au jirani. Hospitali zilipokuja zilihitaji jina la mwenye cheti, zikalichukua hilo, na hapana ubaya. Lakini hakuna aliyemrudishia kitu yule wa nyumbani aliyenyang'anywa. Hivyo ndivyo Kiswahili, chenye neno zuri kuliko Kiingereza kilivyokuwa nalo mwaka 1965, kilivyojikuta hakina neno. Tunapendekeza muuguzaji, kwa kutumia kiambishi tamati kinachotupa msomaji na mkulima mlimaji: mtu anayelifanya jambo mara kwa mara, si kwa cheo. Linasema pia kwamba anayeuguzwa ni mgonjwa, wala si mzee tu aliyechoka, na kwa nchi ambako hali hii huhesabiwa kuwa ni uzee hilo si jambo dogo.

Sasa neno mzigo. Katika kipimo cha Zarit linatumika bila haya, kwa kuwa kwa Kiingereza limekwisha kuwa neno la kitaalamu. Kwa Kiswahili, kumuuliza mtu kama mama yake ni mzigo ni kumuuliza kama yeye ni mwana mwema. Atajibu hapana, mtafiti ataandika sifuri, na taifa litaambiwa kwamba wauguzaji wetu hawana shida. Na hata akiulizwa mjumbe aliyeketi pembeni, wahenga walikwisha kumjibia: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si kwamba neno halifai kabisa. Linafaa likitenganishwa na mtu na kuwekwa juu ya kazi. Tunaweza kuuliza, "Je, kazi ya kumuuguza imekuelemea?" Tunaweza kuuliza, "Je, yuko anayekupokea?" Swali hili la pili latokana na desturi ya kumpokea mtu mzigo anapofika, wala halimwaibishi yeyote, tena ndilo lililo karibu zaidi na yale aliyoyaona Zarit juu ya ndugu wanaokuja na wasiokuja. Kutokana na tendo hilo hilo twapata kupokezana, ambalo laweza kuwa istilahi ya mpango wa kumpa muuguzaji mapumziko kwa kumleta mtu mwingine ashike zamu. Hivi sasa mpango huo hutafsiriwa kwa maneno manne au matano yasiyofanana katika kila waraka.

Kuna pingamizi mbili tunazozitazamia. Walimu wa uuguzi watasema kwamba muuguzi na muuguzaji yatachanganyika sikioni, na katika sentensi ya haraka hilo laweza kutokea. Kamati ya istilahi italipima. Ya pili ni ngumu zaidi. Katika miji yetu anayemwosha bibi na kumlisha mara nyingi si binti wala mkamwana bali ni msichana wa kazi aliyetoka mbali, naye hatajwi katika hojaji kwa kuwa hojaji humtafuta jamaa. Posho ya Waingereza nayo ilianza hivyo, ikiwataka wanaouguza wawe ndugu wa mgonjwa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1981. Neno muuguzaji halisemi lolote juu ya udugu. Fomu ikimuuliza mwenye nyumba ni nani muuguzaji wa mzee huyu, itambidi ataje jina la msichana huyo.